Tafadhali Jibu Tena

Kuna watu wakichukizwa huumwa kichwa. Mimi huumwa tumbo, na tumbo langu halijatulia tangu mwezi wa nane mwaka 2015, kwa sababu ya mistari michache ya maandishi ndani ya kompyuta. Asiyefanya kazi hii ataona nazidisha. Lakini maandishi ya kompyuta yanaweza kunuka, na haya yalinuka kama ndoo ya samaki iliyosahauliwa juani.

Naitwa Albina, Mhaya wa Bukoba, na mwaka huo nilikuwa fundi wa kompyuta katika kampuni ndogo mjini Columbus. Aliyeniingiza kazini ni Evans, Mtanzania mwenzangu, ambaye ndiye alikuwa anaandika programu zetu nyingi. Nilimwita kaka. Krismasi nilikula kwake, na mkewe Editha alinipa koti lake zito nilipofika na kisweta cha mitumba nikidhani kinatosha kwa baridi ya Ohio. Nasema hivyo mapema ili ijulikane kwamba sikuanza na chuki.

Wateja wetu walikuwa maghala. Kila ghala lilikuwa na mashine yetu mlangoni: kompyuta kuukuu, skrini ndogo, na kibodi ya namba tupu. Mfanyakazi akimaliza zamu anaingiza namba yake, anajibu swali moja au mawili, mashine inaandika saa yake ya kutoka, anakwenda nyumbani. Programu yenyewe ilikuwa skripti, yaani amri zilizopangwa mstari kwa mstari, ambazo kompyuta inazifuata kutoka juu kwenda chini bila kujiuliza.

Sasa, watu hukosea kubonyeza. Unamwambia mtu achague moja au mbili, yeye anabonyeza saba kwa sababu amechoka na glavu bado iko mkononi. Dawa ya hilo ni mzunguko. Skripti inauliza, inangoja jibu, inalikagua. Jibu lisipoeleweka, inarudi juu na kuuliza upya. Likieleweka, inatoka kwenye mzunguko na kuendelea na mstari unaofuata. Ni jambo la kawaida kabisa, mwanafunzi hulijifunza wiki za mwanzo. Mimi naupenda mzunguko ulioandikwa vizuri kwa sababu una adabu. Haumkaripii mtu, haumchoki, na una mlango wa kutokea. Anayeuandika sharti ajue mtu atatokea wapi kabla hajamwingiza.

Maghala mawili, moja la Louisville na moja la Cheektowaga nje ya Buffalo, yalikuwa yamejaa Warundi na Wakongo, kwa hiyo mteja akaomba Kiswahili. Evans hakunipa skripti. Alinipa sentensi za Kiingereza tu, nimpelekee za Kiswahili. Nikampelekea. "Je, umeumia kazini leo? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana." Na nyingine ilikuwa ya kumwambia mtu arudie jibu. Nikajua hiyo ni ya yule wa glavu. Kwenye Kiingereza chake hapakuwa na neno la heshima, ila mimi niliwafikiria wazee wanaopanga maboksi kule, watu wenye wajukuu, nikaona si vizuri mashine iwaamrishe. Nikaandika: "Tafadhali jibu tena." Ile tafadhali ni yangu, na ndiyo inayonitia kinyaa kuliko yote.

Mwezi wa nane ghala la Louisville likalalamika kwamba mashine imeganda jioni, foleni ikajaa, watu wakatolewa kwa mlango mwingine. Baada ya wiki Evans akanituma. Nikaendesha gari mpaka Louisville, nikaikagua mashine kuanzia waya hadi diski, nikaikuta nzima. Nikachagua Kiingereza, nikabonyeza moja. Mashine ikaandika jibu, ikaniambia nimwone muuguzi, ikanitoa. Nikabonyeza mbili, ikaniaga. Nikaanza kufunga mkoba wangu.

Hapo akaja dereva wa foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, Mkongo mmoja aitwaye Cikuru, akashuka na kusimama karibu nami akijifanya anaangalia mlango. Alisema kwa sauti ndogo. "Mashini haina mubaya, dada. Ni ule Jovini alibakia pale. Anafinya moya, inauliza tena, anafinya moya. Mukono iko inatoka damu. Bon, siye tulipita kwa mulango ingine."

Nikairudia mashine, nikachagua Kiswahili, nikabonyeza moja. Tafadhali jibu tena. Je, umeumia kazini leo? Nikabonyeza moja. Tafadhali jibu tena. Nilisimama pale nikisomeshwa maneno yangu mwenyewe, nikabonyeza mpaka kidole kikachoka, na kila safari yalirudi yale yale na heshima yake. Nikabonyeza mbili. Asante, siku njema.

Nikaifungua skripti. Upande wa Kiingereza, ndiyo ilitoka kwenye mzunguko na hapana ilitoka. Upande wa Kiswahili, hapana peke yake ndiyo iliyokuwa na mlango. Ndiyo ilitupwa kapu moja na saba na tisa na makosa mengine yote, kwamba ni jibu lisiloeleweka, mtu aulizwe tena. Na mstari wa kuandika jibu ulikuwa chini, nje ya mzunguko, kama ilivyo desturi. Maana yake anayesema ndiyo hafiki huko. Anaweza kusema ndiyo mpaka jua lizame na mashine isiandike lolote, hata saa yake ya kutoka.

Nilitaka kuamini ni kusahau. Sote husahau. Nimeshawahi kukuta mzunguko wangu mwenyewe umenizungusha nusu siku. Lakini mtu aliyeandika vizuri upande mmoja, na upande wa pili ameunakili na kufuta neno moja, huyo hakusahau. Ili kuufuta mlango ilibidi aunyooshee kidole kwanza.

Nilimwomba Cikuru anipeleke kwa huyo Jovini. Alikuwa anakaa Newburg, kwenye yale magorofa ya matofali ambako kila baraza ina baiskeli ya mtoto na sufuria inayoanikwa. Jovini Nshimirimana alikuwa mtu mrefu, mpole, Mrundi aliyekulia kambi ya Lukole, kwetu kule Ngara. Tulipogundua tumekulia mkoa mmoja, mkewe Florida aliongeza maharage kwenye sahani yangu bila kuniuliza. Binti yao Leya alikuwa na simu sikioni, akisubiri kampuni ya ghala imjibu kwa niaba ya baba yake. Mama yake alipomuuliza wamesemaje, alijibu kwa Kiingereza kwamba bado wanapiga ule muziki wa kusubirisha.

Halafu Jovini akaufungua mkono. Mkanda wa kubebea mizigo ulikuwa umevivuta vidole viwili vya mkono wa kulia na kuvigeuza. Vilikuwa vimevimba, vimeiva, na kucha moja ilikuwa inaelea juu ya usaha. Nilikuwa na tonge mdomoni, nikashindwa kulimeza na nikashindwa kulitema mbele ya mwenye nyumba. Hospitali ilimsafisha na kumfunga, ikamwambia anahitaji upasuaji haraka, kabla mifupa haijaungana ilivyokaa. Mwenye kuulipia ni bima ya kazini. Na bima ilisema haina habari ya mtu aliyeumia. Kampuni nayo ilisema mashine haikuandika jeraha wala kutoka kwake, kwa hiyo Jovini aliacha kazi akaondoka, na huko alikoumia wao hawakujui. Kazi imekwisha, mkono unaoza, na yeye ni mtu wa kuishi kwa mkono huo.

Nikamuuliza kama alimwonyesha msimamizi. Alimwonyesha. Msimamizi akamwambia kila kitu kinaingizwa kwenye mashine. Nikamuuliza kwa nini basi alisimama pale akibonyeza moja muda wote ule. Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavua viatu mlangoni.

"Dada, wewe hujahojiwa," akasema. "Kule Lukole swali moja unaulizwa na huyu, na mwezi ujao na yule. Jirani yetu alidhani wamelikataa jibu lake la kwanza, akataja kijiji kingine ili awafurahishe. Faili lao likafungwa, wakarudishwa Burundi. Ukiulizwa tena, unapimwa. Nikaona na hapa napimwa. Nikashika jibu langu."

Alilishika mpaka msimamizi alipokuja na kuchomoa waya wa mashine ukutani. Na Jovini akatoka pale, damu ikimchuruzika mpaka kwenye kiatu, akiwa na moyo mweupe. Alimwambia Florida siku hiyo kwamba amefaulu.

Sikumaliza chakula. Florida alidhani sikukipenda.

Nilirudi Columbus, nikamkuta Evans mezani kwake na boksi la mabawa ya kuku, yale ya mchuzi mwekundu. Anakula na huku anaandika, ndiyo tabia yake, na kibodi yake inang'aa mafuta. Nilimweleza nilichokiona. Nilianza taratibu, nikampa nafasi ya kusema amesahau. Kama angesema hivyo ningemwamini kwa hiari yangu, nikajitia hamnazo, nikarekebisha mstari mmoja na mambo yakaisha. Hakusema hivyo. Alinyonya mfupa, akauweka pamoja na wenzake, akaniambia ndivyo mteja alivyotaka. Wale watu wetu, alisema, walikuwa wanaripoti kila mkwaruzo. Kambini walifundishwa kwamba kidonda kidogo kikachukuliwe dawa, basi hapa kila jioni ndiyo, ndiyo, ndiyo, na kila ndiyo inataka muuguzi na karatasi na maelezo. Mteja amechoka. Wazungu wa ofisini hawana tabia hiyo, kwa hiyo upande wao hauna haja ya kuguswa.

"Na hakuna aliyemkataza mtu kusema ndiyo," akasema, akilamba kidole gumba. "Tunamuuliza tena tu."

Nilimwangalia kile kidole. Nilikuwa nimekula kwenye meza yake, na mkono ule ule ulinipakulia ndizi. Nikamwambia kuna mtu mkono unamwoza Louisville. Akasema pole yake, kweli kabisa, ila yule alikuwa na akili gani ya kusimama saa nzima mbele ya mashine. Mwenye akili anabonyeza mbili anakwenda. Kule Cheektowaga wamezoea, majeraha yamepungua vizuri, mteja ameandika kuwapongeza. Halafu akaniambia, kama jambo dogo la mwisho, kwamba kule Cheektowaga kuna kibodi za kubadilisha na ni zamu yangu kwenda.

Nilikwenda. Si kwa ajili ya kibodi. Nilitaka kuona watu waliozoea.

Ghala la Cheektowaga liko upande wa uwanja wa ndege, na wafanyakazi wake wengi hutoka mtaa wa Kensington-Bailey mjini Buffalo, watu wanne watano kwenye gari moja. Nilimaliza kibodi zangu kabla zamu ya mchana haijatoka, nikakaa pembeni ya mlango na kikombe cha kahawa. Wakaja. Walikuja wakicheka, wakifungua aproni, wakiulizana nani anampitia mtoto wa nani. Kila aliyefika kwenye mashine alibonyeza namba yake na kisha mbili, bila kutazama skrini. Mzee mmoja alipita akichechemea: mbili. Kijana mwenye plasta nyusini: mbili. Mama mmoja alikuwa na kifundo cha mkono kilichovimba, amekifunga kwa kipande cha kitenge. Alishindwa kubonyeza kwa mkono huo, akatumia wa pili, mbili, akaniona namtazama, akanisalimia kwa furaha aliposikia Kiswahili changu cha Kagera.

Jina lake lilikuwa Angelika, wa idara ya kufungasha. Nikamuuliza mkono. Akasema umevimba tangu juma lililopita, kuna boksi lilimwangukia. Nikamuuliza mbona ameiambia mashine hajaumia.

"Ile inasalimia tu," akasema. "Mwanzo ilikuwa inatusumbua, ukisema kweli haikuachi. Baadaye tukaelewa kwamba ni salamu. Unaiambia sijambo, unakwenda zako kupika."

Wenzake walicheka, wakaitikia. Na ni kweli, ndivyo tulivyo. Nani kati yetu ameulizwa hujambo akasema la? Mtu yuko kitandani na homa, anaulizwa hujambo, anajibu sijambo kwanza, ndipo anataja homa. Mfiwa anajibu salama, kisha analia. Salamu haina haki ya kupata ukweli wote pale pale, inafungua mlango tu, ukweli unafuata nyuma yake. Watu wale walikutana na kitu kinachowauliza hali na kisichotaka kusikia, wakatafuta katika adabu yao mahali pa kukiweka, wakakiweka penye heshima. Evans akauita ule uungwana wao majeraha kupungua.

Nikamweleza Angelika lile swali ni la nini. Nilimweleza polepole, na wenzake wakasogea. Kicheko kiliisha kwa mmoja, kisha kwa mwingine. Angelika alikifungua kile kitenge, akakifunga upya ingawa hakikuwa kimelegea.

"Kwa hiyo wao wanaamini sisi wote ni wazima," akasema.

Niliwaambia kesho waende ofisini wawili wawili, waseme kwa mdomo, wasiondoke mpaka wamesikilizwa. Kisha nikafungua skripti ya pale, nikauona mzunguko ule ule, na mkono ukaniwasha. Ilikuwa kazi ya neno moja. Lakini nikiusafisha, nani ataamini kwamba uchafu ulikuwepo? Nikaifunga bila kuigusa, nikaenda chooni kunawa mikono, nikainawa kama mtu aliyeshika panya aliyekufa.

Kikao cha Jovini kilifanyika mwezi wa kumi, katika chumba cha mikutano cha lile ghala la Louisville. Kanisa lake ndilo lililosumbua mpaka kikapatikana. Alikuwepo bwana wa bima, mtu mnene mwenye tai fupi, ambaye uamuzi wa mkono ulikuwa mikononi mwake. Alikuwepo mama wa utumishi wa kampuni. Evans alikuja kueleza mashine, na mimi nikaletwa kutafsiri, maana Evans aliona hakuna haja ya kutafuta mkalimani wakati dada yupo. Njiani alinielekeza niseme mashine iliganda tu siku ile. Nikanyamaza, naye akadhani kunyamaza kwangu ni kukubali.

Jovini alikuja na Florida. Florida aliniambia mlangoni kwamba daktari ameutazama mkono tena, na mifupa imeshaungana kombo. Sasa ukipasuliwa itabidi kwanza ivunjwe upya. Na kila wiki wanayongoja, matumaini ya vidole kukunja yanapungua. Jovini alikuwa amevaa suti, na mkono wa kulia umo ndani ya koti kama umelala.

Bwana wa bima akasema jambo ni rahisi. Mashine ilitakiwa kupokea taarifa. Bwana huyu anadai aliitoa. Basi aonyeshe alivyofanya. Evans akaileta mashine ya mlangoni, akaiweka mezani, akaiwasha kwa upole wa muuza dhahabu. Jovini akaingiza namba kwa mkono wa kushoto. Swali likatokea. Akabonyeza moja.

Asante, ikasema skrini. Tafadhali mwone muuguzi.

Jovini aliitazama ile skrini kama mtu aliyerudi kwake akakuta wanaishi wengine. Mama wa utumishi aliandika kitu. Bwana wa bima akakunja midomo, na sura yake ikawa ya mtu aliyemkamata mwongo na anataka kuwa mstaarabu. Evans alikuwa ameibadilisha asubuhi hiyo hiyo. Nilijua bila kuambiwa. Akaweka mkono kwenye bega la Jovini, akamwambia kwa Kiswahili kitamu kabisa, "Pole sana kaka. Hizi mashine huwa zinachanganya."

Nimeona wezi, nimeona walevi wakijitapikia, lakini sijaona kitu kichafu kuliko pole ile.

Nikafungua kompyuta yangu. Mashine zetu zote tulikuwa tunaziingia kwa mbali tukiwa na kazi ya matengenezo, na ile ya Cheektowaga Evans hakuwa ameigusa, kwa sababu huko hakuna aliyelalamika. Nikaingia, nikaweka namba yetu ya majaribio, nikachagua Kiswahili, swali likatokea mbele yangu kama lilivyotokea mbele ya Jovini. Nikaigeuza kompyuta kwa bwana wa bima. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hii ni programu ile ile, kwenye ghala la pili la mteja huyu huyu. Moja ni ndiyo, nimeumia. Mbili ni hapana. Ajaribu kutoa taarifa ya jeraha.

Evans akasema hilo halina uhusiano. Bwana wa bima alikuwa ameshabonyeza moja.

Likarudi. Akabonyeza moja. Likarudi. Akaniuliza yale maneno ya juu yanasema nini, nikamwambia yanamwomba kwa heshima ajibu tena. Akabonyeza kwa nguvu, kama kwamba mashine ni kiziwi. Akabonyeza akiwa amesogeza kiti. Akamtazama Evans, na Evans akawa anatafuta kitu mfukoni. Akabonyeza tena na tena, shingo ikamwiva juu ya ile tai, kisha akapumua kwa pua, akasema hana siku nzima ya kupoteza, akabonyeza mbili.

Asante, ikasema. Siku njema.

Nikamwambia kwamba sasa hivi ameapa kwa maandishi hajaumia. Kisha nikaifungua skripti na kumwonyesha kwa kidole: huu ni mzunguko, hapa ndipo hapana inapotokea, hapa ndipo ndiyo inaporudishwa, na huku chini, nje, ndiko kunakoandikwa. Hakuhitaji kuwa fundi. Nikampandisha juu kidogo, upande wa Kiingereza, ambako kila jibu lina mlango wake. Evans akasema ni toleo la zamani lenye hitilafu. Nikamuuliza, kwa Kiingereza ili wote wasikie, hitilafu ilijuaje lugha. Akamtazama mama wa utumishi amsaidie, na mama wa utumishi akawa anautazama ubao wa meza. Basi akanigeukia mimi, akaniambia kwa Kiswahili kwamba nimemharibia jina, baada ya yote waliyonifanyia yeye na Editha wake. Nikamwambia koti nitalirudisha.

Bwana wa bima hakuwa anatusikiliza. Alifungua ukurasa mpya kwenye kompyuta yake na kuvuta kiti. Akasema, kwa sauti ambayo hakuwa nayo mwanzo, kwamba ataandika taarifa upya, kwa mkono wake, na gharama za upasuaji zitafuata hapo. Anahitaji tu kuanza na swali moja. Akamgeukia Jovini, akauliza, na mimi nikatafsiri.

"Je, uliumia kazini siku ile?"

Jovini hakujibu. Hakuwa amekasirika usoni. Alimtazama yule bwana jinsi unavyotazama chakula kilichoingia inzi. Nikarudia swali, nikidhani hakunisikia, na neno lilipokuwa linanitoka nikatamani kulirudisha. Florida akamgusa goti. "Baba Leya, jibu," akasema. "Safari hii wanaandika."

"Nimeshajibu," akasema Jovini.

Bwana wa bima akaniuliza amesema nini, nikamwambia. Akasema anaelewa, kweli anaelewa, ila utaratibu unamtaka asikie ndiyo au hapana. Vidole vyake vilikuwa juu ya kibodi, vikingoja. Florida alikuwa ameanza kulia bila sauti, na Jovini alikuwa ameshasimama, anajifunga kifungo cha koti kwa mkono wa kushoto.

"Ndiyo zake ni nyingi," nikamwambia yule bwana. "Chukua moja uandike."

Akaandika.